Nani Atatupangia Zamu? Wito kwa Wananchi wa Njukini na Taveta

Wananchi wenzangu wa Njukini na Challa, wa Mahoo, Mboghoni na Mata, nanyi ndugu zetu wa Mwatate, Wundanyi na Voi,

Leo nina swali ambalo nimelibeba kwa muda mrefu, na ningependa tulitazame pamoja kama watu wa nyumba moja. Je, jamii kubwa, yenye watu wasiojuana kwa sura wala kwa majina, inaweza kuishi vizuri bila watu wa juu kuwaamuru watu wa chini?

Najua wengi mtajibu haraka kwamba haiwezekani, kwamba pasipo mkubwa pana fujo. Naliheshimu jibu hilo, kwa sababu linatoka kwa watu wanaopenda amani. Lakini kabla hatujalifunga jambo, hebu tujiangalie sisi wenyewe tunavyoishi.

Tuanze na mfereji. Mkulima wa ndizi ambaye zamu yake inaanza saa nane usiku hutoka nyumbani na tochi na jembe. Akifika kwenye mgawanyo wa maji, huondoa gunia la udongo na kipande cha mgomba vilivyoziba tawi linaloelekea shambani kwake, kisha huviweka kwenye tawi la jirani aliyemaliza. Mara nyingi jirani huyo bado yupo, miguu ikiwa kwenye tope hadi magotini. Wanajuliana hali, wanatazama saa kwenye simu, mmoja anakwenda kulala na mwingine anaanza kumwagilia.

Nani aliwaamuru? Hakuna askari pale, wala karani, wala bwana shamba. Yapo makubaliano, na lipo daftari la zamu. Ipo pia siku ya kuzibua mfereji, ambayo kila mwenye shamba anatakiwa kufika au kumtuma mtu. Asiyefika bila sababu anajua atakachoulizwa, na anajua wa kumuuliza ni wenzake wanaokunywa na kulima kwa maji yaleyale.

Sasa tutoke shambani twende kwenye kikao cha akina mama wa chama. Umewahi kuliona sanduku lao la akiba? Lina kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne. Pesa huhesabiwa mkekani mbele ya kila mtu, kwa sauti, na kila mmoja hukariri kiasi kilichobaki kabla ya kuondoka. Mwenyekiti yupo, lakini hawezi kulifungua sanduku peke yake hata akitaka. Mimi naliona sanduku hilo kuwa mojawapo ya mambo ya busara kubwa zaidi katika siasa za nchi hii, na linakaa chini ya kitanda cha mama mmoja kijijini.

Wapo wanafikra duniani ambao wamelishughulikia swali letu kwa zaidi ya karne moja na nusu. Wanaitwa waanakisti. Mmoja wao, Mrusi aliyeitwa Peter Kropotkin, alitoa kitabu mwaka 1902 akieleza kwamba kusaidiana kumewafaa wanadamu na wanyama katika kuendelea kuishi, sawa na vile wengine walivyosema mashindano yamewafaa. Watu hawa hawakusema tuishi bila utaratibu. Walisema utaratibu unaotoka kwa wenye shughuli yenyewe ni bora kuliko ule unaoshushwa na aliye mbali. Mkulima wa saa nane usiku hajawahi kumsoma Kropotkin, lakini angemwelewa bila shida.

Na kwa watu wa Taveta jambo hili si geni. Joseph Thomson alipopita hapa mwaka 1883 akielekea Umasaini, misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ilikuwa tayari imeizoea Taveta kama mahali pa kupumzika, kununua chakula na kupanga upya mizigo. Hapakuwa na mfalme wa kuwapokea. Mambo ya Wataveta yaliamuliwa na njama, baraza la wazee, na rika moja liliachia rika jingine nafasi kwa utaratibu uliojulikana. Kule milimani Dawida, Saghalla na Kasigau, Wataita nao waliishi kwa wazee wao na ujirani wao, bila kiti cha enzi.

Chifu kama tunavyomjua alikuja baadaye. Sheria ya mwaka 1902 ya serikali ya kikoloni ndiyo iliyoanza kuteua wakuu wa vijiji katika Kenya, na ile ya mwaka 1912 ikawaongezea mamlaka. Mahali pengi wazee waliulizwa, «Chifu wenu ni nani?», wakati hawakuwa na mtu wa namna hiyo, kwa hiyo akatafutwa mmoja. Siwasemi vibaya machifu na manaibu wao wa leo. Wengi ni watu wetu, wanaamshwa usiku kwa ugomvi usiowahusu, na wanafanya kazi ngumu. Nasema tu kwamba ngazi hii tunayoiona kama mlima uliokuwepo tangu dunia iumbwe ina umri wa kama miaka 120.

Je, nataka turudi kwenye njama? Hapana, ndugu zangu. Katika baraza lile mwanamke hakuwa na kiti, na kijana alisubiri mpaka rika lake lifikiwe. Aliyelima na kuchota maji hakuwa na sauti juu ya maji. Kama tutachukua kitu kutoka kwa wazee wetu, tuchukue ule ujasiri wa kukaa bila bwana, na tuwaongeze wale walioachwa nje ya mduara.

Hapo ndipo mtu mwenye akili ataniuliza swali gumu. Atasema, sawa, mfereji mmoja una familia chache zinazojuana. Lakini Taita Taveta ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 340,000 mwaka 2019, na Kenya nzima zaidi ya milioni 47. Hao wote watakaa kwenye mkeka gani?

Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Watu milioni 47 hawawezi kukaa mkeka mmoja, wala hawahitaji. Kinachowezekana ni mikeka mingi iliyofungamana. Kila mduara unaamua yanayouhusu, kisha unatuma watu kwenye mduara mpana zaidi, nao wanakwenda na ujumbe wa waliowatuma na kurudi na jibu. Aliyetumwa hawi mkubwa wa waliomtuma. Akienda kinyume, anaitwa nyumbani na mwingine anatumwa.

Je, kuna mahali haya yalikofanyika? Kuna, tena hapa kwetu. Waborana, walioko Marsabit na Isiolo na ng'ambo ya mpaka Ethiopia, wana utaratibu wa gadaa. Uongozi unashikwa na kundi moja kwa miaka minane, kisha unakabidhiwa kwa kundi linalofuata, iwe wanapenda au hawapendi. Kila baada ya miaka minane hukutana katika mkutano mkuu, Gumi Gayo, kuangalia sheria zao na kuwapima viongozi wao, na mkutano huo una uwezo hata wa kumvua mtu madaraka. Tunazungumzia watu wengi sana waliotawanyika kwenye nchi kavu kubwa, wenye visima vya kugawana na mifugo ya kunywesha. UNESCO iliuingiza utaratibu wa gadaa wa Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa wanadamu mwaka 2016. Nao, kama njama, uliwaweka wanawake pembeni, na hilo ni pengo la kuzibwa.

Kwa wakulima wa mifereji kama sisi, nina mifano miwili mingine ya kupendeza. Wa kwanza ni Wamarakwet wa Bonde la Kerio. Mifereji yao inashuka kutoka kwenye mteremko mkali, mingine ikipita juu ya miamba kwa magogo na mawe, na imefanya kazi kwa mamia ya miaka. Koo ndizo zinazoitunza, na mambo yanajadiliwa katika kikao kinachoitwa kokwo, chini ya mti. Hakukuwa na mfalme wa Marakwet aliyeijenga.

Wa pili uko mbali, Uhispania. Katika mji wa Valencia, kila Alhamisi saa sita mchana, wakulima waliochaguliwa na wenzao kutoka mifereji minane hukaa mbele ya mlango wa kanisa kuu na kusikiliza kesi za maji. Mkulima anasimama, anaeleza kwa mdomo, anajibiwa, na hukumu inatoka pale pale. Wamefanya hivyo kwa karne nyingi, wakati wafalme walikuja na kuondoka. Hebu fikiria, mifereji minane yenye wakulima maelfu, na hakimu wao ni mkulima ambaye naye kesho atasubiri zamu yake.

Mwanamama Elinor Ostrom wa Marekani aliwachunguza watu wa namna hii kwa miaka mingi, wa maji, wa misitu, wa malisho na wa uvuvi. Alitoa kitabu chake kikuu mwaka 1990, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Aliona kwamba pale mambo yanapodumu, wanaotumia kitu ndio wanaotunga kanuni zake na ndio wanaochungana. Adhabu huanza ndogo na kupanda taratibu. Na pale shughuli inapokuwa kubwa, vikundi vidogo hushikana ndani ya vikundi vikubwa bila kumezwa. Si kila mahali alipokwenda mambo yalikuwa mazuri, naye hakuficha hilo.

Tena kuna jambo tunalolitumia bila kulifikiria. Barua ikitumwa kutoka Taveta kwenda Oman au Kanada, inavuka nchi ambazo hazina serikali moja juu yao. Inafika kwa sababu nchi kadhaa zilikubaliana kuhusu posta mwaka 1874, kule Bern, Uswisi, na nyingine zikajiunga baadaye. Ndani ya kila posta kuna mabosi, hilo ni kweli. Lakini kati ya posta na posta kuna mapatano tu, na mapatano hayo yamevuka vita viwili vya dunia.

Na soko la Taveta, siku ya Jumatano na Jumamosi? Wanakuja watu wa Rombo na Moshi, wa Loitokitok na Voi, na mizigo ya ndizi, vitunguu, nyanya, mitumba na viatu. Nani alikaa mezani akapanga ni mikungu mingapi ifike? Bila shaka kaunti inakusanya ushuru na kusafisha uwanja. Ila lile kubwa, la maelfu ya watu kulishana, linajipanga kwa maneno ya mdomo, simu na uaminifu wa siku nyingi.

Msidhani naona kila kitu ni rahisi. Kuna mtu wa mfereji wa juu anayefungua maji usiku usio wake. Kuna tajiri anayeleta pampu na kunyonya kijito mpaka wa chini wakose hata ya kunywesha mbuzi. Kuna kiongozi wa chama aliyekalia kiti kwa miaka mingi mpaka wenzake wakasahau kwamba walimchagua. Nimeyaona haya na yananiuma. Lakini nikiyatazama vizuri, naona kwamba hayatokani na kukosa mkubwa. Yanatokea pale mtu mmoja anapoanza kuwa mkubwa na sisi wengine tukanyamaza.

Vilevile kuna wakati lazima mmoja aongoze. Ndovu wakitoka Tsavo wakaingia shambani usiku, hatuitishi kikao. Anayewajua ndovu anasema, «Huku msipite, washeni moto kule,» nasi tunamfuata. Kukikucha, yeye ni jirani kama jirani mwingine, hana ruhusa ya kutupangia bei ya mahindi. Uongozi wa kazi una mwanzo na mwisho, nao unatokana na ujuzi. Unaostahili kuogopwa ni ule usiokwisha.

Ningependa pia tukumbuke yaliyotokea kwa ndugu zetu wa Tanzania, kwa sababu yana funzo la thamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mkoa wa Ruvuma, vijana wachache walianzisha kijiji cha Litowa. Walilima pamoja, wakaamua mambo katika mkutano wa kijiji, wakaanzisha shule iliyowafaa. Vijiji vingine vikafuata, vikaunda umoja wao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwapenda. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU, chama tawala, ilikivunja chama kile cha Ruvuma, na mali zake zikachukuliwa. Miaka michache baadaye, mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini kwa amri, na nguvu ilitumika mahali pengi.

Mnaona tofauti? Vyote viliitwa ujamaa. Kimoja kilitoka kwa watu, kikawa na uhai. Kingine kilishushwa kwa agizo, na watu wakakisubiri kiishe. Kwa maoni yangu Litowa haikushindwa. Ilizimwa.

Sasa nije kwenu moja kwa moja, maana wito bila kazi ni hotuba tu. Nitaanzia nyumbani.

Baba, mama, nani anajua hesabu za nyumba yenu? Ada ya shule, deni la dukani, mbegu za msimu ujao? Jioni moja kwa wiki, baada ya chakula, wekeni hesabu mezani na watoto wakubwa wakiwepo. Waulizeni wangefanyaje. Mtoto aliyezoea kuulizwa akiwa na miaka kumi hatakubali kuburutwa akiwa na thelathini. Na wewe baba, unapotaka kusema neno la mwisho, jaribu kulichelewesha mpaka wote wamesema. Mara nyingi utakuta halihitajiki tena.

Kijana wa boda boda, steji yenu ina foleni? Anayefika kwanza anabeba kwanza? Basi tayari mnaijua kazi hii. Ongezeni kidogo tu. Mwenyekiti wa steji na mwenye kushika pesa za mfuko wa ajali wabadilishwe kwa muda uliopangwa, na pesa zisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi. Mwizi au si mwizi, zisomwe. Hivyo hata mkweli analindwa.

Mwalimu, darasa lako linaweza kutunga kanuni zake lenyewe mwanzoni mwa muhula? Nimewaona watoto wa darasa la tano wakizisimamia kanuni walizozitunga kwa ukali kuliko mwalimu yeyote. Inabidi mtu mzima awapoze kidogo.

Mwenye duka, mwenye kibanda cha kusaga, msimamizi katika shamba la mkonge, waulize wafanyakazi wako jambo moja wanalolijua kuliko wewe. Lipo. Kisha walipange wao na wewe ulifuate. Nawe mfanyakazi, ukiulizwa, usijibu «vile mtakavyosema, bosi». Sema unachokijua.

Chifu wetu, baraza lijalo viti vinaweza kupangwa mduara? Na mwananchi wa kawaida aweze kuongeza jambo kwenye ajenda kabla ya siku yenyewe? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha kwanza kabisa, inasema mamlaka yote ni ya wananchi, nao wanaweza kuyatumia wenyewe moja kwa moja au kupitia waliowachagua. Tumeshika sana hilo la kuchagua, na kila miaka mitano tunachoka kwa kampeni. Hilo la moja kwa moja tumelitumia kiasi gani?

Kina mama wa chama, ninyi sina la kuwafundisha. Nina ombi. Wafundisheni wanaume wa kamati za mifereji mambo ya zile kufuli tatu. Na katika kamati hizo, mwingie. Nani amechota maji mengi zaidi yenu katika nchi hii?

Nimeweka mwishoni jambo ambalo nimelifikiria kuliko yote. Mto Lumi unashuka kutoka Kilimanjaro mpaka Ziwa Jipe. Wa juu wakitumia yote, wa chini wanaona vumbi. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inazitambua jumuiya za watumiaji wa maji, kwa hiyo mlango uko wazi, hatuhitaji ruhusa ya mtu kuzungumza. Napendekeza kabla ya kiangazi kijacho kila mfereji, kuanzia Njukini mpaka mashamba ya karibu na Jipe, uchague watu wawili, mwanamke na mwanamume. Wafugaji nao wachague wawili, na wavuvi wa Jipe wawili. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka tuwakaribishe, maana maji hayana pasipoti.

Wasiende kama wakubwa. Waende na maneno ya mfereji wao, yaliyokubaliwa kikaoni na kuandikwa: tunahitaji maji siku gani, tunaweza kuachia siku ngapi, tukizidiwa tutafanya nini. Wakirudi, wayasome waliyokubaliana mbele ya wote, na mfereji useme ndiyo, au hapana na sababu. Kikao kimoja hakitatosha, na cha kwanza pengine kitakuwa na kelele. Haidhuru.

Ukumbi si tatizo, kivuli cha mwembe kinatosha. Chai na mihogo tutachanga. Kinachotakiwa wiki hii ni watu watatu au wanne wenye baiskeli au pikipiki, wa kupeleka barua kwa kila kamati ya mfereji na kurudi na majina. Wewe unayesoma hapa, unaweza kupeleka ngapi?